Kipimo cha unene wa bamba: miezi minane nikiwa nacho kwenye tishari

Kipimo hiki nilikinunua mwezi mmoja kabla ya kulipweleza tishari letu kwa ukaguzi. Ni chombo cha chuma cha mita 28, kinabeba saruji na mbao kati ya Dar na Mafia. Kwa laki nne na ushee nilipata kisanduku cha kushika mkononi, kichwa cha kupimia kilicho sawa na sarafu, na kichupa cha jeli ambacho kiliisha hatujamaliza hata ubavu mmoja. Baada ya hapo nilipaka grisi. Inafaa, tena kwenye bamba lililosimama haichuruziki.

Kichwa kinapeleka sauti ndani ya chuma, inafika upande wa pili na kurudi. Kwa kuwa sauti hukimbia mita 5,900 hivi kwa sekunde ndani ya chuma, kifaa kinapiga hesabu na kukuandikia milimita. Hutoboi kitu, wala humtumi mtu akajikunje ndani ya ngama, kule chini kabisa maji yanakotuama.

Bamvua lilipotoa maji nikaanza na sakafu ya chini, ambayo ilijengwa kwa bamba la milimita 8. Nikasoma 8.4. Nikampigia kelele fundi wetu mzee, nikidhani tumeokoka gharama. Akaja, akatazama kioo, akaniuliza, "Mwanangu, chuma kikizeeka kinanenepa?"

Ilikuwa rangi. Miaka yote tumekuwa tukipaka juu ya rangi, hadi karibu milimita nzima. Sauti hupita polepole sana kwenye rangi, kwa hiyo kila milimita ya rangi kifaa kinaihesabu kama milimita mbili na zaidi za chuma. Tulipokwangua kwa jiwe la grenda mpaka ukaonekana weupe wa chuma, tukapata 6.3. Kwenye ngama, 5.1. Kikomo ambacho wakaguzi wengi hukitumia ni kupoteza kama robo ya unene, yaani kwa bamba letu chini ya 6 ni kukata. Tulikata.

Hilo ndilo lawama langu kubwa. Viko vipimo vinavyosoma mwangwi mara kadhaa na kuiruka rangi. Hiki hakimo, na muuzaji hakulitaja. Ongeza pesa ununue cha aina hiyo, utaokoa siku mbili za grenda.

Mashimo madogo ya kutu nayo yanakipita. Kichwa ni kipana kuliko shimo, kwa hiyo kinakupa unene wa pembeni au kinakataa kusoma kabisa. Hapo nyundo ya mzee bado inashinda: bamba zima hulia kama kengele, lililoliwa hutoa mlio mfu kama debe la mchanga. Sasa yeye anagonga na kutia alama ya chaki, mimi napima pale pale alipotia alama.

Nyufa kwenye mishono ya kuchomelea pia hakizioni. Kwa hizo tunapaka ile rangi nyekundu ya kupenya, tunaifuta, tunapuliza unga mweupe. Ufa ukiwepo unajichora wenyewe.

Na unene si nguvu yote. Meli ya makontena MOL Comfort ilikuwa na miaka mitano tu ilipokatika katikati mwezi Juni 2013 kwenye Bahari ya Hindi, nje ya Yemen. Mabamba yake ya chini yalijikunja kwa mzigo na mawimbi, hayakuliwa na kutu. Tangu nisome habari hiyo nagombana na vibarua wanaorundika saruji yote katikati ya sitaha kwa sababu ndipo karibu na ngazi.

Betri nzuri, kioo kinasomeka juani. Kabla ya kila kazi kijaribu kwenye kile kidude cha milimita 4 kilichobandikwa pembeni. Mara moja kijana wetu alichezea vitufe, nikapima ubavu mzima kwa kasi ya alumini, ikabidi nirudie.

Nakipa nyota tatu na nusu. Mzee amekiazima tangu juzi, na kaniachia nyundo yake rehani.