Banda la nje la iguana wangu hapa Tabora: waya wa kuku umenitesa, huu wa kuchomelea nimeukubali

Nianze na lililoniuma. Banda la kwanza lilikaa wiki tatu tu na Jani, iguana wangu, akang'oka ukucha. Nilimkuta asubuhi ananing'inia kwenye wavu kwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma, anajivuta, damu inachuruzika kwenye waya, na ukiangalia vizuri ule waya wa kuku wenye vitundu vya pembe sita ulikuwa umemkaza kidole kama kitanzi. Nilikata kwa koleo huku mikono inatetemeka. Daktari wa mifugo alikuja akamsafisha, akaniambia kwa uwazi kabisa kwamba yeye amezoea mbuzi na ng'ombe, ila kidonda ni kidonda, na namshukuru maana kilipona.

Jani ni iguana dume wa kijani, yaani mjusi mkubwa, nilimpokea kwa dada mmoja aliyekuwa anahama nchi, pamoja na vibali vyake vyote. Hilo la vibali msilipuuze, iguana wako kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, kwa hiyo mtu akikuletea bila karatasi usipokee. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, wanaishi juu ya miti, chakula chao majani, na dume akikua vizuri anaweza kufika mita moja na nusu au zaidi ukihesabu na mkia. Wangu sasa hivi ni futi nne na kidogo. Majirani zangu hapa Cheyo mwanzoni walimwita kenge, mama wa nyumba ya pili akasema hapana huyo kinyonga mkubwa, wiki nzima watoto wake hawakukanyaga kwangu.

Kwa nini nje? Kwa sababu ya jua. Hawa wanahitaji miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ili mwili utengeneze vitamini D na uweze kutumia kalsiamu, wakikosa mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda. Ndani nilikuwa na taa maalumu, lakini zile taa UVB yake inaisha ndani ya miezi kadhaa hata kama bado inawaka vizuri tu machoni, na kuipata nyingine ukiwa Tabora ni mtihani. Dirishani nako haisaidii, kioo kinapitisha joto na mwanga ila UVB karibu yote kinaizuia. Sasa mimi niko mahali jua linawaka karibu mwaka mzima halafu nimfungie ndani anasubiri taa, hapana, nikaona bora nijenge.

Fundi wa kwanza alikuwa seremala. Kazi ya mbao anaijua kweli, fremu ya mninga imenyooka hadi raha, ila hakunisikiliza. Nilimwambia nataka waya mgumu akaniambia "dada, huyu si mjusi tu, waya wa kuku unamtosha." Halafu nguzo akazipaka oili chafu ya gari ili mchwa wasile. Kwa banda la kuku wengi wanafanya hivyo, lakini iguana kila kitu anakigusa kwa ulimi, ndiyo namna yake ya kunusa, nilimwona anailamba nguzo ileile inayong'aa oili nikamtoa mbio. Juu akaweka bati. Saa saba mchana nikaingiza kipimajoto, kikasoma nyuzi 43, na Jani ameshuka chini kabisa kwenye udongo, mdomo wazi, rangi imempauka. Iguana akiwa na baridi anakuwa mweusi mweusi ili anase joto, akizidiwa na joto anapauka na kuachama mdomo, ukiona hivyo ujue umebakiwa na muda mfupi sana. Lile la ukucha likaja siku nne baadaye. Nikalibomoa.

Sasa hili la pili, ndilo hasa nataka kulisifia.

Nilienda kwa fundi wa kuchomelea, kijana mmoja mtaratibu, nikamchukua mpaka nyumbani amwone Jani mwenyewe kwanza. Alikaa pale kama nusu saa anaangalia anavyopanda, akapima na kucha zake kwa macho, akaniuliza analala wapi, anakunywaje maji. Hapo nikajua kazi itakuwa nzuri. Fremu ni skwea paipu, urefu futi nane, upana nne, kimo futi saba, maana huyu mnyama anataka kwenda juu kuliko kwenda mbali. Waya ni meshi ya kuchomelea yenye vidirisha vya mraba vya nusu inchi, kucha inashika ikatoka, kidole hakinasi, na panya haingii wala nyoka mkubwa hapiti. Jambo moja nililomsisitizia, na nawasisitizia na nyinyi, ni ncha za waya. Ukikata meshi kwa grenda zinabaki sindano ndogondogo pembeni. Alizikunjia zote upande wa nje halafu akabana na bapa la chuma, mimi nikapitisha kitambaa cha pamba ndani kote, kila kiliponasa alipasaga tena. Alirudia sehemu sita bila kununa.

Chini tulichimba futi moja, meshi ikashuka ardhini ikakunjwa kwa nje, kwa sababu ya nguchiro na mbwa wanaozurura usiku. Redoksaidi ya kuzuia kutu na rangi tulipaka halafu nikaacha banda tupu wiki mbili mpaka harufu imeisha kabisa.

Paa ndiyo sehemu ninayoipenda. Nusu ni nyasi za kuezekea, nusu ni meshi tupu jua liingie moja kwa moja, na nimeliweka mashariki mwa mwembe wetu ili jua la asubuhi alipate lote, kuanzia saa saba kivuli cha mwembe kinaanza kumfuata. Chini ya nyasi mchana wa Oktoba kipimajoto hakijapita 33, sehemu ya jua inapanda zaidi, na yeye mwenyewe anachagua. Ndani nimemfungia matawi ya mpera, gamba lake ni laini na gumu kwa wakati mmoja, moja linapita kwenye jua moja kwenye kivuli. Beseni pana la maji liko chini, anajisaidia humohumo kwa hiyo nalibadilisha kila siku na kunawa mikono kwa sabuni, reptilia wanabeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima na mimi nina mtoto mdogo.

Gharama, waya, chuma, rangi na ufundi vilinitoka kama laki tano na nusu. Ni hela nyingi, sikatai. Lile la kwanza lilikuwa nafuu zaidi ya nusu ila nimelilipia mara mbili.

Kasoro zipo. Mlango ni mmoja, ukifungua akiwa karibu anaweza kuchomoka, na akipanda mwembe ule sijui nitamfuata na nini. Nataka kuongeza kijichumba cha mlango wa pili kabla mvua za Novemba hazijaanza. Komeo la mwanzo mwanangu alilifungua kwa siku moja, sasa kuna kufuli.

Na hili ni la watu wa Tabora, maana Kigoma kule ziwani usiku ni afadhali: Juni na Julai usimwache nje usiku. Huku tuko juu kama mita 1,200, usiku inashuka hadi nyuzi 14 au 15, na iguana hajitengenezei joto, akipoa hata chakula alichokula mchana hakisagiki tumboni. Huko Florida Marekani baridi ikizidi wanaganda mpaka wanadondoka kutoka mitini. Mimi saa kumi na moja jioni, kabla hajaanza kupoa, namwingiza kwenye sanduku stoo, na dumu la maji ya moto nimelizungushia blanketi nyuma ya ubao asiliguse. Asubuhi jua likishapasha meshi ndiyo namtoa, anapanda tawi la juu, anajilaza ubavu kuelekea mwanga, anabadilika taratibu kutoka kijivu kurudi kijani. Majani ya matembele nampa baada ya hapo, akishapata moto.