Vijana wa funza pale Panzi: nimewatumia miezi sita

Nafuga kuku 60 wa mayai hapa mtaa wa Panzi, Bukavu, na dirisha la jirani linatazama bandani kwangu moja kwa moja. Mvua ikipiga siku tatu, mavi yanalowa, nzi wanajaa, jirani anabamiza dirisha makusudi nisikie.

Sasa kuna vijana wanaofuga funza wa nzi askari mweusi. Jumatano na Jumamosi wanabeba mavi ya kuku kuwalisha funza hao, hawanilipi wala siwalipi. Kwa magunia matano wananirudishia gunia moja la mbolea, na funza waliokaushwa wananiuzia bei ya chini kuliko ndagala (dagaa).

Nilikwenda kuona mwenyewe. Ukiinamia beseni unawasikia wanavyokula, kama mafuta yanayochemka taratibu. “Mama, ingiza mkono, hawaumi,” kijana akaniambia. Nikaingiza: ndani kuna joto la uji! Wakikomaa wanageuka weusi, wanapanda ubao wenyewe na kudondokea kwenye ndoo. Baadaye wanakuwa nzi, na nzi huyo hahitaji kula, kwa hiyo sahani yako haimhusu. Jike anataga mayai kama 500, anakufa.

Ila jua likikosekana nzi hao hawapandani vizuri, na Bukavu yetu mnaijua. Mwezi wa kumi na moja niliambiwa “rudi wiki ijayo” mara mbili. Baridi nayo inawachelewesha funza kukua: kwenye joto wiki mbili zinatosha, hapa walikaa karibu mwezi.

Kilichoniudhi ni kilo tatu walizoniuzia hazijakauka. Wiki moja tu, gunia likaota ukungu, nikatupa zote. Wakanifidia nusu, tena baada ya maneno mengi. Na mbolea ile ikitoka mbichi inaunguza miche. Lengalenga (mchicha) yangu ya kwanza ilikauka yote, ndipo wakaniambia ilitakiwa ikae kwanza wiki kadhaa. Ungeniambia siku ya kwanza, mwanangu, ungepungukiwa nini?

Hata hivyo sijawaacha. Kuku wakisikia kopo la funza linatikisika wanapandiana mgongoni. Nachanganya kidogo tu na mahindi na soya, kwa sababu funza wana mafuta mengi. Jirani naye juzi alituma mtoto na ndoo, eti mama anaomba mbolea. Nilimpa ile iliyokaa.

Ukienda kununua, vunja funza mmoja kwanza. Akikatika kwa mlio kama karanga iliyokaangwa, chukua. Akijikunja, rudisha.