Huduma ya agronomi kwenye kilima chetu cha Kabare: uzoefu wangu

Mimi ninakaa Bukavu, Kivu ya Kusini, mashariki ya Kongo, lakini sehemu kubwa ya chakula cha nyumba yangu inatoka Kabare, jirani na mji, kwenye kilima ambako mama mkwe na mashemeji zangu wanalima ndizi, maharagi na mihogo. Msimu wa kupanda ninachukua pikipiki na kwenda kusaidia. Huduma ninayotaka kuieleza ni ile ya agronomi, yaani mtaalamu wa kilimo, anayekuja kijijini, anaingia shambani na kufundisha. Kwetu alikuja kupitia ushirika wa wakulima, na hatukumlipa kitu.

Kilichotufanya tumhitaji ni mnyauko wa migomba. Mtu wa Kivu anaufahamu: majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizipasua ndani unakuta rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache unatoka ute wa manjano. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, na mwaka 2001 ukaonekana Uganda na pia Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika huku kwetu kusini. Dawa ya kuuponya haipo. Na kwetu Bushi, nchi ya Bashi, mgomba si wa kula tu. Ndio kasiksi, pombe ya ndizi, ya harusi na ya msiba, ndio pesa ya shule. Nimeona familia iliyopoteza bustani nzima ya migomba ikiuza mbuzi mmoja baada ya mwingine ili watoto wasirudishwe nyumbani.

Kabla ya agronomi huyu tulikuwa tumepata mafunzo mengine, na sitataja ni ya nani. Watu waliitwa ukumbini, wakapewa karatasi za Kifaransa na soda, wakaambiwa kwamba mgomba mmoja ukiugua, ng'oa kitalu chote, yaani mashina yote yaliyoota pamoja, na machipukizi yake, halafu uzike. Aliyewahi kung'oa kitalu cha migomba anajua ile kazi. Mama mjane mwenye jembe moja ataanzia wapi? Wengi waliitikia kwa kichwa, wakarudi nyumbani, wakaacha migomba ilivyo.

Huyu wa sasa alianzia shambani. Alitafuta fito ndefu yenye panda, akaipandisha mpaka chini ya chane ya mwisho, akaisokota, na lile ua dume jekundu linaloning'inia likavunjika na kuanguka. Panga hakuligusa. Akaeleza kwamba nyuki na wadudu wengine wanatua kwenye ua la mgomba mgonjwa, kisha wanaruka na kutua kwenye mzima, na penye kidonda ndipo ugonjwa unapoingilia. Ua likiondolewa mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, mlango huo umefungwa. Fito inavunja bila kubeba utomvu wa mgomba huu kwenda kwa ule.

Kuhusu mgomba ulioshikwa tayari, alisema tukate shina linaloumwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu tunapoliona, na yale mengine ya kitalu tuyaache. Wazee walimtazama kwa mashaka, kwa sababu ilikuwa kinyume cha mafunzo ya kwanza. Akawafafanulia kwa utulivu kwamba watafiti waligundua kuwa si kila chipukizi la kitalu linapata ugonjwa, na kwamba ukikata mapema na kurudi kukagua, kitalu kinaweza kupona. Panga ikishakata inapitishwa kwenye moto hadi ipate joto kabisa, au inachovywa kwenye maji yenye Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo. Moto upo kila nyumba. Ndiyo maana ushauri huu ulishikika.

Ila kilichonifanya niandike haya ni jambo la mama mkwe. Kwa desturi yetu shamba la migomba ni la mwanaume, kwa hiyo waliokuja kusikiliza mwanzoni walikuwa wanaume watupu. Mama alisimama kando na kapu lake, akangoja wamalize, kisha akasema: «Agronomi, mwanangu, hawa unaowafundisha ndio wenye migomba. Lakini majani ya kufunika chungu, ya kuivishia ndizi za kasiksi, ya kulisha mbuzi, ni sisi tunayakata, sisi na watoto. Na visu vyetu hakuna aliyeviuliza.»

Agronomi hakujitetea. Aliandika kwenye daftari lake, na safari iliyofuata aliomba shefu, mkuu wa kijiji, awaite wanawake na vijana, saa ambayo akina mama wamekwisha rudi kutoka sokoni. Alisema nao kwa Mashi, lugha yetu. Alipitisha kisu cha jikoni motoni mbele yao, akawaambia wasilishe mbuzi majani ya mgomba unaoumwa. Tangu hapo ndipo niliona kilima kinabadilika. Mahali ambapo wanaume peke yao walikuwa wamefundishwa, ugonjwa ulikuwa ukizunguka kwa visu vya watu ambao hakuna aliyefikiria kuwaita.

Mnyauko haujaisha. Jirani mmoja akizembea, unarudi kwake na unavuka kuja kwetu, kwa sababu nyuki hana mpaka wa shamba. Kwa hiyo siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wanapita migomba yote pamoja, hata ya mwenye kukaa mjini kama mimi. Mikungu imeanza kuteremka tena soko la Kadutu, Bukavu.

Kwa upande wa maharagi nitasema kifupi. Yale ya kupanda juu yanazaa vizuri kuliko ya chini, lakini yanataka miti ya kuegemea, na miti kwetu imekwisha. Agronomi alitushauri tupande kaliandra, mti mdogo, kwa mistari inayokata mteremko: inashika udongo, inatoa fito, na majani yake mbuzi wanayala. Mbegu bora zinatafitiwa karibu nasi, INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wako Mulungu, Kabare hiihii, lakini kupata kilo chache za kupanda bado ni kujuana.

Yasiyonipendeza yapo. Agronomi mmoja ana vilima vingi mno, na mafuta ya pikipiki yakikosekana haonekani. Ushauri wa chokaa na mbolea ya dukani kwa udongo wetu mchachu ni wa kweli, ila bei yake inauacha hewani. Na tangu vita vilipofika Bukavu Februari 2025, ziara zimepungua sana. Kilichotuokoa ni wale akina mama waliofundishwa, kwani wao hawakuondoka. Mmoja wao sasa ndiye anayeitwa mtu akiona jani la manjano.

Nikiombwa alama, ninampa nne kati ya tano. Anayetaka huduma kama hii kwenye kilima chake asiende peke yake. Nendeni ushirika mzima, pitieni kwa shefu, na mseme mapema kwamba wanawake watakuwepo na somo litafanyika shambani. Nasi tunaomba jambo moja zaidi: ratiba. Msimu wa kwanza kwetu unaanza Septemba. Agronomi akifika Oktoba, maharagi yamekwisha kuota, na maneno ya mbegu na nafasi za kupanda yanabaki kungoja mwaka mwingine. Aje mwishoni mwa Agosti, udongo ukiwa bado mkavu na barabara inapitika.