Hedfoni makanisani na kwenye majumba ya sanaa: wapi inalipa, wapi utupe hela

Niseme mapema, mimi ni mtu wa kuvaa hedfoni. Nikiingia kanisa kubwa la kihistoria au jumba la sanaa huwa nakodi kile kimashine cha mwongozo wa sauti, au napakua programu kwenye simu kabla sijatoka nilipolala, na kwa sehemu maarufu nilizotumia, yaani Vatican, Hagia Sophia, Sagrada Família, Louvre na Rijksmuseum, nimeshajua kipi kinalipa na kipi ni wizi wa kistaarabu. Kipimo changu ni kimoja: je sauti inaniambia niangalie wapi? Kama inanisomea mchoraji alizaliwa mwaka gani, alifundishwa na nani, akafia wapi, hayo ningeyasoma nimejilaza kitandani. Ila ikiniambia shuka kona ya chini kulia, sasa panda kidogo, umeona yule mwenye masikio ya punda? Hapo umenipata.

Tuanze na Kanisa la Sistine, lililo ndani ya Makumbusho ya Vatican, maana hapa ndo hiki kitu kinamshinda kabisa muongozaji wa miguu miwili. Ndani hakuna kuongea wala kupiga picha, walinzi kila baada ya muda wanapaza sauti "silenzio!", yaani kimya, kwahiyo wanaotembeza vikundi wanalazimika kumaliza maelezo yote nje, kwenye ua, mbele ya mabango yenye picha za michoro, afu mkishaingia kila mtu anabaki na alichokikumbuka. Na ukifika ndani dari lina watu zaidi ya 300 waliochorwa, shingo inauma, umati unakusukuma, ulichoambiwa nusu saa iliyopita kimeshayeyuka. Mwenye hedfoni yeye bado anasimuliwa, na hakuna mlinzi wa kumfokea.

Sasa hapo inategemea rekodi yako. Mbovu itakupeleka moja kwa moja kwenye Kuumbwa kwa Adamu, vidole viwili, basi, tuondoke. Nzuri inakwambia mchoraji, Michelangelo, alilipaka hili dari kati ya 1508 na 1512 na alianzia nyuma, upande ulio mbali na altare, kwenye visa vya Nuhu, ndo akawa anasogea kuelekea mwanzo wa dunia. Afu inakusimamisha kwenye Gharika. Angalia pale, watu kibao, wadogo wadogo, wanapanda mlima na vitu vyao, kuna mama kajitwika kigoda kilichogeuzwa miguu juu na vyombo vya nyumbani ndani yake, ni mambo matamu lakini dari liko mita kama 20 juu yako, bila kuonyeshwa huwezi kuyakamata. Inaonekana na mwenyewe aliligundua hilo jukwaa lilipotolewa katikati ya kazi akapata nafasi ya kuangalia kutokea chini, maana ukifuata picha kuelekea altare watu wanapungua na wanakuwa wakubwa, wakubwa zaidi, mpaka unafika pale Mungu anapotenganisha nuru na giza, yuko peke yake kajaza fremu nzima. Hiyo safari ya kutoka umati mpaka mmoja nisingeiona kwa macho yangu hata ningekaa pale mpaka wafunge.

Na yule mwenye masikio ya punda yuko kwenye Hukumu ya Mwisho, ukuta wa altare, kazi ya 1536 mpaka 1541. Ni Biagio da Cesena, msimamizi wa shughuli za Papa, alilalamika kwamba hii michoro ya watu uchi haifai kanisani, mchoraji akamtia motoni kama Minos, hakimu wa kuzimu, nyoka kamzunguka mwilini na anamng'ata pale ambapo hutaki nyoka akung'ate. Ukimwona huwezi kumsahau. Ukiwa hapo hapo mtafute Mtakatifu Bartolomayo, kashika ngozi ya mtu iliyochunwa, na uso ulioning'inia kwenye hiyo ngozi unasemekana ni wa Michelangelo mwenyewe.

Kuna kero moja ya Vatican ambayo watu huwa hawaambiwi. Ukikodi kimashine cha makumbusho unatakiwa ukirudishe huko huko kwenye makumbusho, na Basilika ya Mtakatifu Petro ni sehemu nyingine yenye mlango wake, kwahiyo huo mlango wa mkato wa kutoka Sistine kwenda Basilika, ambao kikawaida ni wa vikundi vyenye muongozaji, usiutolee macho ukiwa na mali ya watu shingoni. Mimi kwa hilo tu natumia simu yangu. Rick Steves, yule Mmarekani wa vipindi vya safari, ana programu ya bure yenye ziara za sauti za Sistine, Basilika na Louvre pia, ni ya Kiingereza tu, utani wake mwingine ni wa kizee kidogo lakini anakwambia simama hapa, geuka, inua macho. Ndo ninachotaka.

Ila simu ina raha nyingine, picha. Mfano mzuri ni Pietà, sanamu ya Maria kampakata Yesu aliyekufa, ukiingia tu Basilika iko kulia. Mwaka 1972 mtu aliivamia na nyundo akavunja mkono wa Maria na pua, tangu ilipokarabatiwa iko nyuma ya kioo na unaitazama kwa mbali. Sauti inakwambia huu mkanda unaokatiza kifuani kwa Maria una jina la Michelangelo limechongwa, kazi pekee aliyowahi kuiweka sahihi. Vizuri, lakini kutoka ulipo, umezungukwa na simu za watu zimeinuliwa, huo mkanda unausoma kwa macho gani? Programu yenye picha ya karibu inakuonyesha herufi kwenye skrini, unainua uso unajua kabisa ni pale. Kimashine cha namba tupu hapo kinakuacha unakodoa tu.

Hagia Sophia, Istanbul, ni habari tofauti. Lile jengo lilikamilika 537 enzi za Mfalme Justinian, likawa kanisa miaka zaidi ya 900, likageuzwa msikiti 1453, likawa makumbusho karne iliyopita, na 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 mgeni anayekuja kutalii analipa yuro 25 na anapandishwa ghorofani, chini ni kwa wanaoswali, na maelezo ya sauti unayapata kwenye simu yako kwa kuskani kodi ya QR. Wengi wananung'unika juu ya bei, na kweli imechangamka, lakini mimi naona ghorofani ndo kwenye utamu kwa mtu mwenye sauti sikioni. Kuna mozaiki ya Malkia Zoe na mumewe, Kristo kakaa katikati yao. Tazama kichwa cha mume na maandishi yaliyo juu yake, utaona yamebanwa banwa kama yamepachikwa baadaye, na ndivyo ilivyo, maana Zoe aliolewa mara tatu na picha ikabadilishwa kichwa na jina kumfuata mume aliyepo, wa mwisho akiwa Constantine wa 9. Badala ya kuchora picha mpya! Nilicheka peke yangu mtu wa pembeni akanishangaa. Na mbele kidogo kwenye ukingo wa marumaru kuna mikwaruzo ya mwandiko wa watu wa kaskazini, Waviking, jina la Halfdan ndo linalosomeka, bila kuambiwa utaegemea pale ukidhani ni uchakavu.

Kitu kimoja cha kuzingatia kwenye nyumba za ibada: sikiliza nani anaongea. Rekodi iliyoandaliwa na wenye kanisa au msikiti itakupa na imani ndani yake, mara nyingine hadi sala, na iliyoandaliwa na wanahistoria itakupa wafalme na mafundi na vita. Sioni shida na yoyote, ila kama jengo limepita mikononi mwa watu wengi kama Hagia Sophia, mtu mmoja hawezi kukumalizia stori, kila msimulizi ana sehemu anayoipitia haraka haraka. Mimi napenda niwe na mbili. Hedfoni pia vaa sikio moja tu, kwanza hizi ni sehemu watu wanasali na unahitaji kusikia ukiambiwa sogea, pili sauti ya jengo lenyewe chini ya kuba kubwa vile ni sehemu ya ulichokilipia.

Sagrada Família, kanisa la Barcelona, nitaisifia kwa ufupi. Programu yao rasmi inakuja na tiketi, unapakua kabla, unakuja na hedfoni zako, hakuna foleni ya kukodi wala kurudisha. Maelezo ya nguzo zinavyojigawa juu kama matawi ya miti ni mazuri sana. Lawama yangu ni kwamba sauti haijui ni saa ngapi. Gaudí, msanifu wake, aliipanga nyumba kwa mwanga: vioo vya mashariki ni vya bluu na kijani, vya magharibi ni vyekundu na machungwa, sasa ukisikiliza asubuhi maelezo ya vioo vya magharibi unasifiwa moto ambao bado haujawaka. Unaenda asubuhi, anza mashariki. Unaenda jioni, geuza orodha kichwa chini miguu juu, hakuna atakayekukamata. Na nje upande wa Mateso ya Yesu kuna mraba wa namba, jumlisha mistari, kila mmoja 33, umri wa Yesu aliposulubiwa.

Sasa Louvre, jumba la sanaa la Paris. Louvre ilikuwa maarufu kwa kukodisha vile vimashine vya gemu vya Nintendo 3DS kama mwongozo, kuanzia 2012, na wengi waliviona kama ubunifu wa hali ya juu. Mimi nina mashaka. Skrini ilikuwa inakuonyesha ulipo, sawa, na ndani ya lile jengo kujua ulipo ni neema, lakini nimeona watu wamesimama mbele ya kitu chenyewe halafu wanaangalia picha ya hicho kitu kiganjani. Ni kama kwenda harusini ukakaa nje unaangalia kwa simu.

Tumia mwongozo wako pale kwenye chumba cha Mona Lisa, lakini sio kwa Mona Lisa. Yule bibi ni sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na mbele yako kuna bahari ya vichwa, hakuna sauti itakayokusaidia kuona chochote, stori ya kuibwa kwake 1911 unaijua tayari. Geuka. Ukuta wa nyuma yako kuna picha ya Harusi ya Kana ya Veronese, ya 1563, ina urefu wa karibu mita 7 kwenda juu na karibu 10 kwa upana, askari wa Napoleon waliitoa Venice 1797, na watu mia wamepeana nayo mgongo! Simama hapo uiache rekodi imalize. Rekodi nzuri inakuweka kwa Yesu, yuko katikati ya meza na anakutazama wewe, ilhali karibu wote wamo kwenye yao. Afu inakupandisha juu yake kabisa, kwenye baraza, kuna jamaa wanakata nyama, na mtu wa zamani angeelewa hapo hapo mwanakondoo ni nani. Kisha inakushusha chini, kwenye meza ya wanamuziki, kuna saa ya mchanga. Wokovu wa dunia nzima na mauti yanayokuja, katikati ya sherehe, na hukuambiwa tarehe hata moja. Huyo aliyeandika hayo maelezo apewe nyongeza ya mshahara.

Rijksmuseum ya Amsterdam programu yao ni bure, na kwa Lindo la Usiku la Rembrandt, 1642, itakufundisha kuangalia kisichokuwepo: 1715 turubai ilikatwa ili iingie ukutani kwenye jengo la jiji, kushoto ndo walinyofoa zaidi, ndo maana wale wawili wa mbele wamekaa katikati wakati walitakiwa wawe pembeni kidogo. Ukishajua, mchoro mzima unaanza kutembea.

Kwa taarifa tu, Uholanzi ndo walianza haya mambo, Stedelijk Museum hapo hapo Amsterdam, 1952, wageni walipewa kiredio cha kubeba na maelezo yakawa yanarushwa hewani, kwahiyo wote wanasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja na wote wanahamia picha inayofuata pamoja. Unaweza ukacheka lakini kuna sehemu, sitaitaja, ambako mwongozo wa kisasa kabisa ulinifanyia hivyo hivyo, huwezi kuruka, huwezi kurudi, ukichelewa chumba kimoja umepotea, na juu ya hapo namba ukutani hazikulingana na namba za kimashine kwasababu kazi zilihamishwa na hakuna aliyejisumbua kurekebisha. Betri ikafa nusu ya njia. Walitaka na pasi ya kusafiria iwe dhamana, nikawapa kitambulisho kingine, pasi yangu haikai kwenye droo ya mtu.

La mwisho ni lugha. Kiswahili kwenye hizo orodha sijakikuta, kwahiyo chagua ile unayoisikia bila kukunja uso, na pendelea programu inayokuwekea na maandishi ya kinachosemwa, maana wasimulizi wengine wanakimbia na huwezi kuwapunguza kasi, na majina ya Kilatini na Kigiriki yanapita kama treni. Yenye maandishi unasimamisha, unasoma, unaangalia ukuta, unaendelea. Na chaji simu mpaka 100 na ubebe pawabenki.