Filamu Fupi za Edgar Bergen na Charlie McCarthy: Kagua Taya Kabla ya Kulipa

Wasomaji kadhaa wameniletea lalamiko linalofanana: wamenunua filamu fupi za Edgar Bergen na mwanasesere wake wa mbao, Charlie McCarthy, picha ni safi, hakuna kipande kilichokatwa, lakini hawakucheka. Bergen, mzaliwa wa Chicago aliyechekesha kwa kutoa sauti bila kuonyesha midomo yake ikisogea ili ionekane ni mwanasesere anayesema, alianza kuzicheza filamu hizo mwaka 1930 kwa Vitaphone, kampuni ya Warner Bros., miaka kadhaa kabla redio haijamfanya kuwa maarufu Marekani nzima. Kosa si lake. Nakala walizouziwa zina sauti isiyokwenda sambamba na taya ya Charlie.

Mikwaruzo na jalada sitavizungumzia, kwa kuwa kila muuzaji huvieleza. Taya hakuna anayeitaja, ilhali ndiyo sanaa yenyewe. Charlie hana midomo ya kuumba herufi. Ana taya moja tu inayofunguka na kufunga, na jicho likiiona inasogea wakati ule ule sauti inaposikika, sikio hukubali kwamba mbao ndiyo inayosema. Sauti ikiteleza, jicho humrudia Bergen, ambaye midomo yake ilijulikana kuwa haitulii, na hapo mchezo umekwisha. Filamu huenda kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, yaani fremu moja huchukua takriban milisekunde 42. Sauti ikitangulia kwa kiasi hicho tu, mtazamaji makini huanza kusumbuka. Ikichelewa huvumilika zaidi, kwani hata katika maisha ya kawaida tunaona kwanza ndipo tusikie.

Kasoro hii ina historia. Vitaphone ilianza kwa kuweka sauti kwenye santuri za inchi 16, zilizozunguka mara 33⅓ kwa dakika, santuri moja kwa kila reli, yaani gurudumu moja la filamu, ya takriban dakika 11. Filamu ilipokatika na kuungwa, fremu zilizopotea zilipaswa kujazwa kwa fremu nyeusi, la sivyo reli yote iliyobaki ilitangulia sauti yake. Baadaye sauti ilihamia kwenye filamu yenyewe, lakini kila anayehamisha nakala kuukuu kwenda kwenye diski bila uangalifu huirudisha shida hiyo.

Kwa hiyo ninaiweka Warner Archive mahali pa kwanza, na sifichi upendeleo wangu. Tangu mwaka 2009 imekuwa ikitoa filamu za zamani zisizo na soko kubwa, nayo ni tawi la kampuni yenye haki za filamu za Vitaphone, hivyo haihitaji kunakili nakala ya nakala. Filamu ya Bergen ikipatikana kwake, au kama nyongeza katika diski ya Warner yenye filamu ndefu ya miaka ya 1930, ichukue hiyo kabla ya nyingine yoyote. Mnunuzi wa Tanzania au Kenya akumbuke kwamba DVD nyingi hufungiwa kusomeka katika kanda (eneo) moja tu la dunia, za Marekani ni za kanda ya 1 na sisi tuko kanda ya 5, kwa hiyo deki iwe inayosoma kanda zote.

Nafasi ya pili naipa filamu ya utepe wenye upana wa milimita 16, kwa mwenye projekta. Humo sauti huchapwa fremu 26 mbele ya picha yake, na kitanzi cha filamu kikipangwa vibaya taya huachana na sauti. Lakini kosa hilo hurekebishwa kwa mkono, tofauti na kosa lililokwisha kuingia kwenye diski.

Diski za bei rahisi zenye filamu lukuki ndani yake ziko mwisho. Nunua ikiwa huna njia nyingine.

Linalonikera ni wauzaji wanaoandika «adimu» na «imesafishwa upya», wakapandisha bei maradufu, kisha wakashindwa kueleza wameinakili kutoka wapi. Waombe wakutumie dakika ya mwisho ya filamu, si ya kwanza, kwa sababu sauti inayoteleza kidogo kidogo huonekana vizuri zaidi mwishoni. Tafuta mahali mlango unapobamizwa au mtu anapopiga makofi, ulinganishe na mlio, halafu umtazame Charlie akijibu kwa neno moja fupi. Muuzaji akikataa kutuma kipande hicho, usimlipe hata bei ya diski tupu.