Uzoefu wangu na riwaya za Kifaransa nilizopendekezewa na watu ninaowafahamu

Riwaya zote za Kifaransa nilizosoma nimepewa kwa mdomo. Aliyenianzisha ni mhasibu niliyefanya naye kazi, mtu wa Bujumbura. Akafuata jamaa wa Likasi, Kongo, mtoto wa mchimba shaba, kisha shemeji yangu anayefundisha Kifaransa sekondari. Mimi Kifaransa changu ni cha salamu tu, kwa hiyo nasoma tafsiri za Kiingereza. Naandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama vitabu vya karne ya 19 vinastahili muda wake. Vinastahili sana, na kilichonishika kuliko yote ni namna vinavyoijua pesa.

Chukua Madame Bovary ya Gustave Flaubert. Inafahamika kama kisa cha mke aliyetoka nje ya ndoa, na ni kweli mwandishi alishtakiwa mwaka 1857 kwa kukiuka maadili, mahakama ikamwachia. Mhasibu hakuyataja hayo. Aliniambia tu, "Mfuatilie muuza vitambaa." Nikamfuatilia. Anaitwa Lheureux. Anafika kwa Emma, huyo mke mwenyewe, na mitandio, Emma anakataa kununua, naye hakasiriki hata kidogo. Anasema hela si hoja, wataelewana siku nyingine. Siku nyingine inafika. Kila deni linapoiva anamsainisha hati mpya yenye kiasi kikubwa zaidi, halafu anamshauri achukue mamlaka ya kisheria juu ya mali za mumewe, na hati zenyewe anazipitisha kwa mtu mwingine mjini Rouen ili Emma akija kulia aambiwe jambo limeshatoka mikononi mwake. Mwisho inafika amri ya mahakama: faranga 8,000 ndani ya saa 24. Yeyote aliyewahi kuona mama wa mtaani akizungushwa na mikopo ya kausha damu atazisoma kurasa hizo moyo ukimdunda. Emma anakwenda hadi kwa Rodolphe, mpenzi wake wa zamani, kumwomba faranga 3,000. Anamjibu kwa utulivu kwamba hana. Hapo Emma anaiona bunduki yake ukutani, kitako kimenakshiwa madini ya fedha, na anamwambia maskini wa kweli haweki fedha kwenye bunduki. Nilikifunga kitabu kwanza nikapumzika.

Germinal ya Émile Zola, ya mwaka 1885, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jamaa wa Likasi alisema niisome nijue nyumba walimokulia ilivyokuwa, ingawa habari zenyewe ni za makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Zola alikwenda Anzin, mji wa migodi huko kaskazini, mwaka 1884 wakati wa mgomo, akashuka mgodini, na unaamini kila anachokueleza. Familia ya Maheu inaamka saa kumi alfajiri katika nyumba ya kampuni, watoto wamebanana chumba kimoja. Kampuni haitangazi kwamba imepunguza mshahara. Inabadili tu namna ya kulipia kazi ya kuweka nguzo za mbao zinazozuia paa la mgodi lisiporomoke, na wachimbaji wakipiga hesabu wanakuta mfuko umepungua. Mgomo unaanzia hapo. Yupo pia Bataille, farasi mweupe aliyekaa chini ya ardhi miaka kumi akivuta mabehewa. Siku farasi mgeni aliposhushwa, Bataille alimnusa kwa furaha kwa sababu alikuwa na harufu ya jua na majani. Jamaa alikuwa amenionya kuhusu ukurasa ule, na bado ulinikuta sijajiandaa.

The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas ni shemeji aliyenipa, na hapa msomaji awe makini na toleo. Tafsiri ya zamani inayopatikana bure mtandaoni ni ya miaka ya 1840 na ilikwepa mambo ambayo Waingereza wa wakati ule waliyaonea haya. Ya Robin Buss, iliyotolewa na Penguin mwaka 1996, ni kamili na inasomeka vizuri zaidi. Matoleo yaliyofupishwa achana nayo kabisa. Wanabakiza gereza na kutoroka, wanakata raha yenyewe, yaani jinsi Dantès, baharia aliyefungwa bila hatia, anavyomfilisi hatua kwa hatua Danglars, mwenye benki aliyeshiriki kumsingizia. Anamhonga mtumishi wa mnara wa telegrafu, mzee asiyetaka kitu zaidi ya bustani kubwa, atume taarifa ya uongo kuhusu Hispania. Danglars anauza dhamana zake kwa pupa. Mwishoni anatekwa na majambazi karibu na Roma, na kuku mmoja wa kula anauziwa faranga 100,000. Sura 117, na sehemu ya katikati inavuta kidogo, lakini malipizi ya aina hiyo hayawezi kuharakishwa.

Les Misérables ya Victor Hugo nayo imetoka kwa shemeji. Wengi watakushauri uruke sura za vita vya Waterloo kwa kuwa ni ndefu na hazina Jean Valjean, mhusika mkuu. Usiruke. Usiku baada ya vita, mtu mmoja anapita kati ya maiti akiwavua pete na saa. Anamvuta afisa aliyelaliwa na miili ya watu na farasi, na afisa, akiwa nusu mfu, anadhani ameokolewa. Huyo mwizi ni Thénardier, yule yule mwenye nyumba ya wageni aliyeachiwa mtoto na Fantine akawa anampandishia malipo ya matunzo hadi faranga 15 kwa mwezi, wakati mtoto mwenyewe amemgeuza mtumishi.