Vibanda vya Fukuoka usiku wa kuamkia mbio za sherehe ya Yamakasa: nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Mwaka wa nne sasa naishi Fukuoka na kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile, huko Japani mnakula nini, wanadhani ni sushi asubuhi mchana jioni. Mi jibu langu ni yatai. Yatai ni kibanda cha matairi, kinavutwa jioni kinapangwa pembeni ya barabara, ukipita asubuhi hamna kitu, pamefagiliwa safi utadhani hakuna aliyewahi kukaanga hata yai pale. Mji mzima vipo kama 100 hivi, na kimoja watu nane tisa mkikaa mmejaa, viwiko vinagongana. Mtu wa Dar anaelewa papo hapo, huyu ni mama ntilie wa usiku, tofauti yake ana leseni ya manispaa na mgambo hawamkimbizi.

Sasa nianze na kilichoniudhi. Watu wote wanakutuma Nakasu, pale pembeni ya mto, taa zinang'aa majini, picha zinatoka vizuri kweli. Mara yangu ya kwanza tulienda watatu, tukaagiza rameni, tambi za kwenye supu, bakuli moja tuonje kwanza, mwenye kibanda akanuna mpaka tunaondoka, kumbe kila mtu aliyekaa lazima aagize chake. Hapo kosa letu, nakubali. Ila kibanda kingine palepale viti viwili viko wazi tunaviona kwa macho, jamaa akatukunjia mikono alama ya msalaba, hamna nafasi, na dakika hiyohiyo wakakaribishwa wengine. Nikasema sawa bhana, hela yangu ina miguu.

Tangu hapo mi ni mtu wa upande wa Tenjin, zile za barabara ya Watanabe. Watu wengi ni wametoka kazini, tai imelegezwa, wanapiga stori na yeyote aliyekaa karibu. Mwenye kibanda unamwita taisho, kama sie tunavyosema bosi, na akishakuzoea hakuulizi tena unatoka nchi gani, anakuuliza leo ngumu kiasi gani, maana yake tambi. Rameni ya huku ni supu ya mifupa ya kitimoto iliyochemka masaa mpaka imekuwa nyeupe kama maziwa, tambi nyembamba, na unachagua ugumu wake. Mi nasema barikata, ngumu haswa. Taisho anazitumbukiza, unahesabu labda mpaka ishirini, anazinyanyua na kile kichujio anakung'uta mara mbili kwa nguvu mpaka maji yanakurukia, tayari. Ukimaliza tambi unasema kaedama unaongezewa nyingine kwa yen mia mpaka mia na hamsini hivi, lakini supu usiimalize! Mi siku ya kwanza nilikunywa yote kama supu ya asubuhi, nikaletewa tambi kavu naziangalia zinaniangalia.

Kingine cha kuagiza ni mayai ya kukunja yenye mentaiko ndani, mayai ya samaki yaliyotiwa pilipili, ndo sifa ya mji huu. Yanatoka moto, katikati bado laini, pilipili inakuja taratibu. Chipsi mayai isiyo na chipsi lakini imeenda shule. Na zile gyoza za tonge moja, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, ndogo kuliko sambusa ya kitafunwa, kumi zinaisha hujaona. Kwa ndugu zangu wasiokula nguruwe sitawadanganya, vya samaki na mayai vipo ila bamba la kukaangia ni hilohilo moja, bora mtafute udon, tambi nene za ngano, yenye gobo, mzizi wa kukaanga, dukani na bado muulize kwanza.

Mengineyo haraka haraka. Choo hakuna, unaenda cha umma. Beba taslimu. Vitu vibichi hawaruhusiwi kuuza kwa hiyo sashimi usiulize. Mvua kubwa ikinyesha hawafungui. Na joto, jamani, Julai huku ni Dar ya mwezi wa pili, halafu uko mbele ya sufuria linalochemka. Bili yangu ya kawaida na bia moja ni kama yen 2,800, siyo ya kila siku.

Ila usiku wa tarehe 14 Julai lipa tu. Kesho yake alfajiri ndo Oiyama, kilele cha Yamakasa, timi saba zinakimbiza mabegani majukwaa yaliyopambwa, kila moja kama tani moja, kilomita tano hivi, na ya kwanza inaingia hekalu la Kushida saa kumi na moja kasoro dakika moja kamili. Hiyo dakika ni kwa sababu wa kwanza ndo pekee wanaoruhusiwa kusimama wakaimba wimbo wao pale. Tulikula mpaka taisho akazima moto, treni hakuna, tukasogea kwa miguu tukasubiri kando ya barabara na bibi mmoja mwenye ndoo. Nikadhani anafua. Kwanza unasikia "oissa, oissa" kwa mbali, halafu ardhi inatetemeka kidogo, wanaume na mikanda ya kiunoni matako nje wanapita migongo inafuka mvuke, na yule bibi akawamwagia ndoo nzima, nusu kwao nusu kwangu. Simu ilipona. Maji hayo ni ya kuwapoza na ndo desturi tangu zamani, inasemekana mtawa mmoja alibebwa akinyunyiza maji kufukuza tauni mwaka 1241.

Jamaa mmoja kazini kwetu anakimbia kila mwaka. Nilimkaribisha pilau tarehe 3 akala vizuri, kachumbari akaisogeza pembeni kabisa, nikaumia moyoni, kumbe tango likikatwa linafanana na nembo ya Kushida na wakimbiaji hawaligusi mpaka sherehe iishe. Tarehe 15 saa sita mchana akaja mlangoni, sauti imekauka, bega limevimba limekuwa jekundu, hata hajakaa ananiuliza ile saladi yenye matango bado ipo?